Maswali ya wasomaji: Nimeambiwa niache kazi, eti Mungu ananiita

SWALI

Shikamoo mama, Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni dada wa miaka 29, naishi Majengo hapa Moshi, nafanya kazi ya kushika hesabu kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Mwaka na kitu sasa kila Jumamosi naenda na akina mama wa usharika kuona wagonjwa wodini na kila nikitoka pale roho yangu inakuwa kama imebaki kule, usiku nashtuka nakuta namuombea mtu ambaye hata jina lake silijui. Nimeanza kuona Mungu ananiita nimtumikie moja kwa moja. Sasa nikaenda kwenye maombi mahali fulani, sio kanisani kwetu, mtumishi akaniita mbele akasema nina wito mkubwa ila nang'ang'ania ajira, niache kazi kabla mwezi haujaisha na mshahara wa mwisho niutoe sadaka kama mbegu, nikichelewa neema itahamia kwa mtu mwingine. Mama, nina mdogo wangu yuko kidato cha tatu mahitaji yake yote ni mimi, wazazi wako Rombo ni wazee. Wiki 2 silali vizuri. Nikikataa, nimemkataa Mungu? Nitajuaje kama ni yeye?

Dada wa Majengo

JIBU

Marahaba mwanangu, asifiwe sana.

Nianze na hiyo habari ya neema kuhama, maana naona ndiyo inakunyima usingizi. Fungua 1 Samweli sura ya 3 uisome taratibu, usiisome kama hadithi ya watoto. Samweli aliitwa mara 4. Mara 3 za kwanza alikosea, akadhani ni mzee Eli, akakimbia kwenda kwa Eli usiku usiku, na Biblia inasema wazi alikuwa bado hajamjua Bwana. Je Mungu alimwambia basi, umechelewa, naenda kwa mtoto mwingine? Hapana, alirudi akaita tena jina lile lile. Mwenye haraka ni yule aliyekwambia kabla mwezi haujaisha.

Halafu muangalie Eli mwenyewe, hapa ndo huwa nakaa sana. Alikuwa kuhani, mtu mzima, ana cheo, angeweza kumwambia kijana Bwana anasema hivi na hivi kuhusu maisha yako. Hakusema. Alimwambia tu rudi ukalale, ukiitwa sema "Nena, Bwana, kwa kuwa mtumishi wako anasikia". Alimfundisha namna ya kuitika, maneno akamwachia Mungu. Na hakumuomba kitu. Sasa wewe mwanangu pima mwenyewe, yule aliyekuita mbele alikufundisha kusikia au alikupa majibu yake na bei juu?

Kuhusu mshahara wa mbegu nitasema wazi hata kama kuna watakaonichukia. Usitoe. Yesu kwenye Marko 7 aliwagombeza watu waliokuwa wanawaambia wazazi wao kile ambacho ningekusaidia nacho ni korbani, yaani nimeshamtolea Mungu, wakaona wamemaliza kazi. Yesu akasema mnalitangua neno la Mungu kwa mapokeo yenu. Ile hela ya Rombo na ya daftari za mdogo wako ni utumishi tayari, na mtu anayekutaka uikate ili uonekane una imani anakupeleka pabaya.

Na mtu asikudanganye kwamba ukiitikia tu kila kitu kinafunguka. Mimi naishi huku Usa River, pale Akeri ni jirani. Oktoba 1896 wamisionari 2 vijana wa misioni ya Leipzig ya Ujerumani, Ovir na Segebrock, walikuja kuanza kazi Meru wakauawa hata kanisa hawajajenga, maana wenyeji hawakuwa na namna ya kuwatofautisha na askari wa Kijerumani waliokuwa wanawasumbua. Kwa macho ya siku ile wito wao uliishia pale. Leo kuna Dayosisi nzima ya Meru ya KKKT, yaani Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania. Wao hawakuiona, hakuna aliyewaahidi.

Sasa nikuambie yangu. Miaka ya tisini nilikuwa nauza vitenge Soko Kuu Arusha, nikaguswa kwenye semina nikajiona naitwa kuwa mwinjilisti. Sikumuuliza mtu yeyote, wala mchungaji wala mume wangu, nikauza mzigo wote kwa bei ya kutupa nikaomba nafasi chuoni, nikakosa. Nikakaa nyumbani miezi 7 bila mtaji, nina hasira na Mungu, nalia jikoni. Siku moja jirani akaniomba nimshikie darasa lake la shule ya Jumapili maana anaenda kujifungua, nikakubali kwa sababu tu sina kazi. Sijatoka kwenye lile darasa mpaka leo. Wengine niliowafundisha wameshaniletea watoto wao. Kumbe kweli nilikuwa nimeitwa, ila nilikuwa nimeshajiandikia mwenyewe ni wito gani na nikamletea Mungu asaini, kwa hiyo alipofungua mlango mwingine mimi nilikuwa bado nalilia ule uliofungwa.

Ndo maana nakuomba uwe wazi kwa Mungu kweli kweli, yaani hata hicho unachofikiria umeitiwa usikishike sana. Labda ni uinjilisti au uchungaji, mlango upo, KKKT inabariki wanawake kuwa wachungaji tangu miaka ya 1990, Mwika hapo kuna chuo cha Biblia wanaandaa wainjilisti, na kazi ya uchungaji wa wagonjwa hospitalini ipo na watu wanaisomea. Ila labda pia ni hizo hizo hesabu zako. Umeshakaa wodini mwaka mzima, umeshaona ndugu wa mgonjwa anavyoshika bili inatetemeka mkononi, hajui alipe nini kwanza wala aulize wapi. Wewe karatasi hiyo unaisoma kwa dakika 2. Sisemi ndiyo hiyo, nasema usiikatae kwa sababu haina kola ya mchungaji shingoni.

Nenda kwa mchungaji wa usharika wako umueleze yote, na huyo mtumishi umtaje bila kuogopa. Matendo 13, Barnaba na Sauli walitengwa kwa kazi ya Mungu wakati kanisa la Antiokia linafanya ibada na kufunga, Roho alisema na wote, na hao wawili walikuwa tayari kazini pale pale. Wito unaosikiwa na mtu 1 gizani na hautakiwi kuambiwa wengine mimi unanitisha. Waulize na wale akina mama mnaoenda nao wodini wanaona nini kwako, maana wao wanakuona ukiwa umechoka, mtumishi wa siku moja hakujui. Askofu Stefano Moshi, mtoto wa hapo Kilimanjaro, alikuwa mwalimu kwanza, akabarikiwa uchungaji akiwa mtu mzima wa miaka 40 na kitu, na 1963 ndiye akawa mkuu wa kwanza wa KKKT. Ile miaka ya chaki sidhani kama kuna mtu atasema ilipotea.

Ila kuna upande mwingine na lazima nikuambie maana nakupenda, usije ukajificha nyuma ya mdogo wako. Leo ni kidato cha tatu, kesho chuo, keshokutwa harusi, na mtu anaweza kumwambia Mungu ngoja mpaka nywele zinakuwa nyeupe, nimewaona wengi. Kwa hiyo mkae na wazazi mpange, muulize na chuoni masomo ni muda gani na gharama ni ngapi, uanze kuweka kidogo kidogo. Yesu mwenyewe alisema mtu akitaka kujenga mnara anakaa kwanza anahesabu gharama, na kuhesabu ndo kazi yako. Siku ukiona ndugu wamekuelewa, kanisa limethibitisha na moyo bado unawaka vile vile, hapo ukiondoka utakuwa unaondoka kwa imani.

Umeniuliza utajuaje kama ni yeye. Samweli naye hakujua mwanzoni. Alichofanya ni kuinuka kitandani kila alipoitwa, hata alipokuwa anakosea mtu wa kumwendea. Na kuna mstari mdogo watu wengi wanauruka, wa 15, baada ya Mungu kusema naye usiku mambo mazito vile, Samweli alilala hata asubuhi, halafu akaifungua milango ya nyumba ya Bwana. Kazi yake ya kila siku. Sauti ya Mungu ameisikia kwa masikio yake na asubuhi bado kuna milango ya kufungua.

Basi mwanangu Jumamosi nenda wodini kama kawaida, Jumapili baada ya ibada umuombe mchungaji muda, Jumatatu ufungue duka. Na usiku kabla hujalala mwambie tu nena, nasikia, halafu ulale kweli. Ukishaonana na mchungaji niandikie tena, nataka kujua amesemaje.