Mafuta ya pilipili: yanatibu au yanatuliza?

SWALI: Niko Ujiji, Kigoma. Nauza mafuta ya mawese niliyoloweka pilipili kichaa, ya kuchua mgongo na magoti. Kwenye chupa nimeandika "Yanatibu mishipa ya uti wa mgongo". Shemeji yangu, ambaye ni muuguzi, anataka niandike "Yanatuliza maumivu kupitia vipokezi vya uti wa mgongo". Kiswahili cha nani ni sahihi?

JIBU: Kisarufi nyote mko sawa. Kimaana shemeji yako amekuzidi, ingawa naye kuna mahali ameteleza.

Kutibu si kuponya. Daktari aweza kukutibu mwaka mzima na usipone. Lakini mteja wa sokoni akisoma "yanatibu" anaelewa "yanaponya". Pilipili haiponyi kilichoumiza mgongo, inapunguza tu taarifa za maumivu zinazopanda ubongoni. Kitenzi chake ni kutuliza. Wapo wanaosema "kukata maumivu", na si kosa, ila hiyo ni ahadi kubwa kidogo.

"Mishipa" ndiyo itakayokuletea balaa. Kuna ya damu, kuna ya fahamu, na ukisikia "fulani ana mshipa", wengi wanamaanisha ngiri au busha. Mzee mwenye shida hiyo akinunua chupa yako akajipaka pilipili huko, usimlaumu. Kama unakusudia neva, andika "mishipa ya fahamu".

Uti wa mgongo ni ile mifupa, pingili juu ya pingili. Kamba ya neva inayopita ndani yake vitabu vya biolojia huiita ugwe mgongo, na ugwe ni kamba nyembamba. Mitaani jina moja hubeba vyote viwili. Tatizo ni kwamba kuna homa ya uti wa mgongo, ugonjwa wa kukimbizwa hospitali, si wa kuchuliwa. Nisingependa maneno hayo yaonekane kwenye chupa ya mawese.

Shemeji je? Ukali wa pilipili unatokana na kapsaisini, ambayo huyeyuka vizuri katika mafuta. Ukijipaka, hukamata kwanza vipokezi, yaani vihisio vidogo mno, vilivyo kwenye ncha za neva za ngozini. Kipokezi chenyewe huitwa TRPV1. Kilitambuliwa mwaka 1997 katika maabara ya David Julius, Marekani, na mwaka 2021 akapewa Tuzo ya Nobel pamoja na Ardem Patapoutian. Kipokezi hichohicho hufunguka kwa joto la nyuzi 43 hivi za selsiasi, ndiyo maana pilipili inaunguza pasipo moto. Ukipaka mara kwa mara, ncha zile huchoka na kufa ganzi, na taarifa zinazofika kwenye ugwe mgongo hupungua. Kwa hiyo sentensi ya shemeji imeanzia mwisho wa safari, ikaruka ngozi.

Mimi ningeandika hivi: "Mafuta ya kuchua. Yanatuliza maumivu ya mgongo na magoti. Usipake penye kidonda wala karibu na macho. Nawa mikono kwa sabuni baada ya kuchua." Vipokezi mwachie shemeji, atavihitaji kazini.