Kubalianeni kabla upepo haujaanza

Watu wanaojiandaa kwa safari ya nyika zenye upepo huniuliza kwanza kuhusu hema: la aina gani, lina fito ngapi. Mimi huwajibu kwa kuanza na masikio. Upepo ukishapita kilomita 50 kwa saa, hema linapiga kelele, mchanga unagonga mabati ya gari, na mwenzako aliye hatua kumi hakusikii hata upaze sauti namna gani. Kundi ambalo halikukubaliana mapema nani anafanya nini, wakati huo haliwezi tena kukubaliana.

Hilo nililijua kwa taabu. Tulikuwa watu kumi na mmoja, magari matatu, siku mbili mbali na barabara ya lami. Saa 9 alasiri tulipita mahali pazuri pa kulala, ardhi ngumu iliyokingwa na kigongo kifupi. Nusu yetu walitaka tusimame, nusu tusonge mbele. Nilikuwa miongoni mwa waliosema tusonge. Saa 1 usiku tukajikuta kwenye tambarare tupu, giza limeshaingia. Hema la kwanza lilipokunjuliwa tu upepo ukalichukua, na kijana mmoja akalikimbilia bila taa. Tulimwita, tukapiga honi, tukawasha taa za magari yote. Alirudi baada ya robo saa, akitokea upande ambao hakuna aliyekuwa akiutazama. Hema hatukuliona tena, na ile robo saa sijaisahau.

Tangu hapo sisafiri na kundi lolote kabla hatujakaa pamoja na kuafikiana mambo matatu: saa ya kusimama, nani ana neno la mwisho kuhusu mahali pa kulala, na kwamba kitu kikipeperushwa gizani kinaachwa. Kila mtu anavaa filimbi shingoni. Mlio mmoja, njoo. Milio mitatu, kuna hatari. Anayekwenda kujisaidia usiku anakwenda na mwenzake, na taa.

Saa ya kusimama nayo ina sababu yake. Kwenye nchi kavu iliyo wazi, jua likiipasha ardhi, hewa ya chini hupanda na ile ya juu iendayo kasi hushuka, ndiyo maana upepo mara nyingi hukaza kuanzia mchana na kupungua jua likizama. Ukiwa karibu na milima mirefu au barafu mambo hugeuka, kwani hewa baridi huteremka usiku na kukukuta umelala. Sisi huondoka alfajiri, husimama saa 9, na hupika upepo ukishatulia. Saa za mwanga zinazobaki si za kupoteza, ndizo za kutafuta mahali.

Tafuteni demani, upande uliokingwa, ila msijibanze chini kabisa ya mwinuko mkali, kwa sababu hewa huzunguka pale na kupiga kutoka kila upande. Korongo kavu linavutia sana mtu aliyechoka. Msilale humo. Mvua iliyonyesha mbali, msiyoiona hata wingu lake, inaweza kuleta maji usiku.

Hema lipigwe na watu wasiopungua watatu, na mmoja asiliachie hata mara moja. Pigilieni kwanza vigingi vya upande wa joshini, unakotoka upepo, hema likiwa bado limelala chini. Fito zifuate baadaye. Upande mwembamba uelekee upepo, mlango uwe demani. Kumbukeni kwamba kasi ya upepo ikiongezeka mara mbili, nguvu yake huongezeka mara nne. Hema linalotulia upepo ukiwa kilomita 30 kwa saa halijathibitisha chochote kuhusu kilomita 60. Kwa hiyo fungeni kamba zote, hata kama jioni imetulia. Kwenye mchanga kigingi hakishiki: jazeni mfuko mchanga, ufungeni kamba, mwuzike kwa kina cha mkono hadi kiwiko. Kwenye mwamba fungeni kamba kwenye jiwe dogo, kisha mweke jiwe kubwa juu ya kamba, mbele ya lile dogo, upande wa hema.

Na chunguzeni jiwe lenyewe. Asubuhi moja niliamka nikakuta kamba yangu imebaki nyuzi mbili tatu nyeupe za ndani. Ganda lote la nje lilikuwa limeliwa na ukingo wa jiwe, wenye makali kama kigae kilichovunjika. Usiku kucha kamba ilikuwa ikisugua pale, nami nimelala. Siku hizi naizungushia kipande cha kitambaa inapogusa jiwe.

Gari liegesheni pua ikiutazama upepo, ili upepo uusukume mlango kufungika. Ukitokea nyuma unaweza kuung'oa; huko Patagonia na Iceland wenye magari ya kukodisha huwaonya wageni kuhusu jambo hili hili. Fungueni mlango mmoja kwa wakati, kwa mikono miwili.

Njiani, kila dereva ana dhamana ya gari lililo nyuma yake. Akifika njia panda anasubiri mpaka alione. Kwa utaratibu huo gari la nyuma likipata pancha, msafara mzima husimama wenyewe, bila mtu kupiga kelele. Maji gawanyeni katika magari yote, msiyaweke katika gari moja. Mimi huhesabu lita 5 kwa mtu kwa siku za kunywa na kupikia, na za siku mbili zaidi ya ratiba. Upepo hukausha mwili bila jasho kuonekana, kwa hiyo mtu anaweza kupungukiwa na maji bila kujua.

Upepo ukizidi, jiko litazimika na mtu atasema liingizwe hemani. Hapana. Gesi ya sumu ya jiko, kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi, na huua watu waliolala. Kuleni vitu visivyopikwa usiku huo, mvae nguo kavu mapema. Nyuzi 10 za joto kwenye upepo wa kilomita 50 kwa saa, ngozi huzihisi kama 5 au 6. Mwenzenu akinyamaza ghafla, akaanza kujikwaa au kushindwa kufunga zipu, huenda baridi imemzidi: mwingizeni garini na mkae naye.

Kabla ya kuondoka, mwachieni mtu mmoja nyumbani karatasi yenye njia mtakayopita, namba za magari, majina yenu wote, na siku na saa ambayo asipowasikia ataanza kuomba msaada. Mkibadilisha njia, mwambieni mngali na mtandao.