Kamati bila mpangaji

Mhariri, wiki hii mmetuuliza kama kamati za ushauri za mitaa zina faida yoyote kwa bustani na barabara za Mombasa, au zivunjwe. Swali limenigusa pabaya, na mistari michache mnayotuomba hainitoshi. Tena sitalijibu sawasawa na mlivyouliza, kwa sababu kwangu la kwanza kuulizwa ni nani anayeitwa kwenye hizo kamati, na anaitwa lini: kabla mchoro haujachorwa, au lori likishamwaga kokoto?

Anayetaka jibu la haraka, langu ni hili: zilivyo sasa, zivunjwe.

Si kwamba sheria hakuna. Katiba ya 2010, ibara ya 10, imeuweka ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa, na ibara ya 174 imeufanya kuwa moja ya shabaha za ugatuzi. Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya 2011 inawapa wakazi nafasi ya kukaa, kujadili huduma na kupeleka mapendekezo. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inataka wananchi wapewe taarifa na nyaraka kwa wakati. Hapo kwenye "kwa wakati" ndipo tunapoumizwa.

Anayeijua Majengo, mtaa wetu hapa Mombasa, anaijua hali yetu. Ardhi ni ya mtu mmoja, nyumba iliyo juu yake ni ya mwingine, na wanaolala ndani ni wengine kabisa. Mwenye nyumba analipia ardhi, mpangaji analipia chumba, na mara nyingi huyo mwenye nyumba haishi hapo. Yuko Nyali, yuko Kisauni, wengine wako Arabuni miaka na miaka. Nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita huwa na jamaa sita, ua mmoja, choo kimoja. Sasa ikiandikwa barua ya kuwaita "wakazi", inamfikia nani? Inamfikia mwenye nyumba. Yule anayefagia mbele ya mlango kila asubuhi na kujua maji ya masika yanapita wapi, hana habari.

Mamangu amepanga chumba huko, kwenye uchochoro uliowekwa kabro, yale matofali ya zege ya kupanga njiani. Kabla ya kazi kuanza kuliitishwa mkutano wa kamati, nami niliombwa kuandika muhtasari kwa kuwa niliwahi kufanya kazi ya ukarani. Mkutano uliwekwa siku ya kazi, saa tisa alasiri. Wanaume wengi wa uchochoro ule wako bandarini saa hizo au wanasukuma mikokoteni, na wanawake ndio wanamenya viazi vya karai na kuchanganya unga wa bajia za jioni. Waliokuja ni wenye nyumba, mzee wa mtaa, wenye maduka na vijana wa tuktuk. Mchoro ulitandazwa mezani ukiwa umekwisha kamilika. Kilichobaki kushauriwa kilikuwa rangi ya kabro, nyekundu au kijivu, na steji ya tuktuk iwe upande gani. Wakabishana juu ya rangi mpaka adhana ya Alasiri ikakaribia.

Chai na mahamri vilitengenezwa na jirani yake mama, mpangaji wa chumba cha mbele. Alipokuja kuweka chupa ya chai mezani akautazama ule mchoro, akauliza barabara itainuka kiasi gani. Akaambiwa kidogo tu, mama, usiwe na wasiwasi. Hakuondoka. Akasema chumba chake tangu zamani kiko sawa na njia, kwamba alipohamia palikuwa na ngazi ya kupanda kuingia ndani, ikaja maramu, ule udongo mwekundu wa kushindilia barabara, ikaja lami juu ya maramu, na ile ngazi ikamezwa. "Kila mkileta kitu mnaweka juu," akasema. "Hakuna siku mliyochimba." Mwenyekiti alimjibu kwa upole, kwamba jambo hilo litaingia kwenye mengineyo. Nami nikaliandika kwenye mengineyo, chini kabisa, pamoja na tarehe. Hakuna aliyelijadili.

Kazi ikafanywa kama ilivyochorwa. Maramu ikashindiliwa juu ya lami ya zamani, ikamwagwa vumbi la mawe, ikapangwa kabro, na pande zote mbili ukajengwa ukingo wa zege. Kwa macho ilipendeza sana. Vumbi lilikwisha, watoto wakapata pa kuendesha baiskeli, wazee wakarudisha bao lao barazani. Lakini kizingiti cha yule mama, na cha mamangu, na vya nyumba zote za upande wa chini, sasa vilikuwa chini ya njia. Mtu alikuwa anashuka kuingia nyumbani kwake. Na ule ukingo uliziba zile nafasi ambazo maji yalikuwa yakipenya kwenda mtaroni.

Mnakumbuka mvua za El Niño za Novemba 2023. Maji yaliingia usiku. Mama aliniita kwa simu, nikafika nikiwa nimevua viatu, nikamkuta amesimama juu ya kitanda ameukumbatia mfuko wa unga, godoro limekwisha lowa upande mmoja. Shimo la choo la ua lilikuwa limejaa likachanganyika na maji ya njia. Siwezi kuueleza ule uvundo. Jirani yake alikuwa na mtoto mchanga. Tulimpitisha mtoto dirishani kwa sababu mlango ulikuwa umekwama kwa uzito wa maji. Tulikaa na makopo na ndoo tukiyachota na kuyamwaga njiani, na yakarudi, kwa kuwa njia ilikuwa juu na sisi tuko chini. Kulipokucha, katikati ya barabara kabro zilikuwa zimeoshwa, safi. Nililia mbele za watu na sioni haya kulisema.

Ndiyo maana nakasirika nikisikia kamati "ilishirikishwa". Mji wa Kale una ulinzi wa uhifadhi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, na Makumbusho ya Taifa yana ofisi ya kazi hiyo. Mtu akitaka kugusa mlango wa nakshi au roshani kuna wa kuulizwa, na ni haki iwe hivyo. Kizingiti cha mpangaji wa Majengo nacho kinastahili kuulizwa.

Juu ya bustani sina mengi. Bustani ya ufukweni ya Mama Ngina ilipofunguliwa upya Oktoba 2019 kwa sherehe za Mashujaa niliifurahia, na mpaka leo nawapeleka wanangu kula mihogo na kutazama meli zikipita chini ya ile mibuyu. Bustani kubwa kama hizo zina wasemaji wake, hata Nairobi wanazisikia. Wasiwasi wangu ni vile viwanja vidogo vya mitaani, pale vijana wanapocheza mpira na jioni panapofungwa turubai ya harusi au ya matanga. Ripoti ya Ndung'u ya 2004 ilituonyesha jinsi ardhi za umma zilivyogawiwa watu binafsi nchi nzima, na kiwanja kisicho na hati wala kamati ya kukisemea ndicho huzungushiwa mabati usiku.

Na hapo, Mhariri, naona mkono wangu unakataa kuliandika tena lile neno "zivunjwe". Kwa sababu kuna sehemu ya kisa sijaisema.

Baada ya mafuriko tulikwenda, mimi na baadhi ya majirani, kwa waliosimamia kazi ile. Mkandarasi alisema hakuna mtu aliyewahi kulalamikia kimo cha barabara. Nikafungua daftari la kamati. Lile jambo la mengineyo lilikuwepo, na tarehe yake ilitangulia lori la kwanza la maramu. Kipindi cha dhamana, ambacho mkandarasi bado anawajibika kwa kasoro za kazi yake, kilikuwa hakijaisha, na sehemu ya malipo yake ilikuwa bado imeshikiliwa. Alirudi. Ukingo ulivunjwa mbele ya nyumba kadhaa, ukachimbwa mfereji wa kufunikwa na kuunganishwa na mtaro. Na waliosimama juani siku ile na fundi na pima maji yake, mlango kwa mlango, walikuwa wale wale wenye nyumba wa kamati. Mwenyekiti, ambaye haishi Majengo, alifika mapema kuliko mafundi. Alimwomba yule mama atangulie, aonyeshe maji yanaanzia wapi. Walimfuata yeye.

Bila kamati lile daftari lisingekuwepo, na bila daftari lile neno la yule mama lingebaki la jikoni. Kwa hiyo nasema zisivunjwe. Lakini silisemi hilo kwa moyo mweupe kabisa. Mkutano wa saa tisa alasiri ni mkutano wa wasio na kazi ya jasho. Uwekwe baada ya Isha, au Jumapili asubuhi. Wapangaji wapewe viti vyao, wasihesabiwe ndani ya mwenye nyumba. Mchoro uletwe ungali unafutika, na swali la maji litangulie swali la rangi. Muhtasari ubandikwe dukani na msikitini, usilale kwa karani. Pasipo hayo sijui kama ningeitetea kamati yoyote, maana sisi tulisaidiwa na mstari mmoja ambao ungeweza kurukwa kwa urahisi sana.

Nyumba za mwisho wa uchochoro, zile za karibu na kisima cha zamani, mfereji haukuzifikia. Maji bado yanaingia. Dhamana imekwisha, na muda wa kamati nao umekwisha bila nyingine kuchaguliwa. Kama mwakilishi wa wadi yetu anasoma haya, namwomba aitishe uchaguzi wa kamati kabla ya masika, jioni, na barua zipelekwe chumba kwa chumba. Daftari ninalo mimi, na nitalikabidhi kwa karani atakayechaguliwa.