Re: Betri ya malimau haiwashi taa

Habari dada. Umesema binti yako amechomeka msumari na waya wa shaba kwenye limau, lakini kitaa cha LED hakiwaki.

Angalia msumari kwanza. Ule wa kawaida una nguvu ndogo. Tafuta msumari wa kuezekea mabati, uliopakwa zinki. Mimi na mwanangu tulihangaika jioni nzima, kumbe kosa ni hilo.

Halafu limau moja halitoshi: linatoa kama volti 0.9, na LED nyekundu inataka karibu 1.8. Unganisheni manne kwa mfululizo, shaba ya hili kwa msumari wa lile. Mguu mrefu wa LED uende upande wa shaba. LED nyeupe achaneni nayo, inataka karibu volti 3. Mwanga utakuwa hafifu, zimeni taa ya chumbani muuone.