Mwanangu amelazwa: ni homa ya mafua au kingine?

SWALI: Shikamoo Bi Muuguzi. Mwanangu wa miezi minane amelazwa hapa Lamu kwa homa na kikohozi. Daktari asema huenda ni homa ya mafua, huenda siyo. Mbona hajui?
Mama wa Langoni

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana. Daktari amekwambia kweli. Kwa mtoto wa umri huo, homa ya mafua, virusi vya RSV, vinavyoshambulia njia ya hewa, na hata nimonia ya bakteria hufanana mno. Homa ya mafua aghalabu huanza ghafla, joto likapanda sana. RSV huanza na kamasi, kisha kifua kikalia kama filimbi, na huwasumbua zaidi walio chini ya mwaka. Lakini nimeuguza wengi waliokwenda kinyume na hayo, ndiyo maana siziamini dalili peke yake.

Kinachotenganisha ni kipimo: hupitishwa kijiti cha pamba puani, kikapelekwa maabara. Jirani zetu Kilifi, watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, wamechunguza RSV kwa watoto kwa miaka mingi. Majibu yakichelewa, tiba haingoji. Akipungukiwa hewa hupewa oksijeni papo hapo. Uliza pia kuhusu oseltamivir, dawa ya homa ya mafua, kwani hufaa zaidi ikianzwa ndani ya saa 48 tangu dalili zianze.

Nawe mhesabie pumzi dakika nzima akiwa ametulia. Zikifika 50, mbavu zikibonyea ndani, au akikataa titi, mwite muuguzi hata usiku wa manane. Aspirini usimpe kabisa.