Taa za volti 120 kwenye umeme wa volti 230

Ndugu, umeuliza kama taa zako za mezani za volti 120 zitafaa huko unakohamia, kwenye volti 230. Nyingi zitafaa, usizitupe! Taa ya kawaida ni waya, swichi na holda (kishikio cha balbu) tu. Kinachojali volti hasa ni balbu. Kwa hiyo balbu za zamani ziache, nunua mpya hukohuko, kisha badilisha plagi. Holda ya skrubu ya Marekani ni saizi ya E26, ya Ulaya ni E27, na balbu ya E27 kwa kawaida huingia kwenye E26. Lakini kwanza soma maandishi kwenye holda na swichi: kama hayafiki volti 250, mpe fundi avibadilishe, si kazi kubwa.

Zinazonitia wasiwasi ni taa za LED zisizotoka balbu, za mirija, na zenye dima (swichi ya kupunguza mwanga). Hizo zina saketi ndani. Lebo ikisema 100-240V, sawa. Ikisema 120V pekee, usiichomeke kabisa, itaungua. Za darini mwachie fundi umeme aliyesajiliwa, maana kuna waya wa ethi (wa usalama, unaoelekea ardhini) na rangi za nyaya hutofautiana kati ya nchi na nchi.