Abiria achagua Mokowe na Shela, seva yapata Shela tu

Swali: Ndugu fundi, natengeneza ukurasa wa kuwekea nafasi za boti hapa Lamu. Fomu ina orodha mbili za kuchagua: anakotoka abiria na anakokwenda. Akichagua Mokowe kisha Shela, kwenye PHP, lugha ya seva inayopokea fomu, naona Shela peke yake. Id ya kwanza ni "kutoka", ya pili "kwenda", na zote mbili nimezipa name="kituo". Siku ya pili leo nakesha nayo.

Jibu: Ndugu yangu, kosa liko kwenye hiyo name. Id ni ya matumizi ya ukurasa wenyewe, kwa CSS (mwonekano) na JavaScript (vitendo vya ukurasa). Kivinjari hakiipeleki kwa seva. Kinachosafiri ni name (jina la orodha) na value (thamani ya alichochagua abiria), basi. Fomu yako inatuma hivi:

kituo=mokowe&kituo=shela

PHP ikikuta jina hilohilo mara mbili, hubaki na thamani ya mwisho. Zipe orodha majina tofauti:

<select name="kutoka" required>
<option value="">Chagua kituo</option>
<option value="mokowe">Mokowe</option>
<option value="manda">Manda, uwanja wa ndege</option>
</select>

Ya pili iite "kwenda", kisha usome $_POST['kutoka'] na $_POST['kwenda'].

Ule mstari wa "Chagua kituo" si urembo. Niliwahi kuuacha, Mokowe ikawa ya kwanza, na mtu asipogusa orodha kivinjari humchagulia cha juu. Wageni walioshuka ndege Manda wakakaa gatini na mabegi yao, nahodha yuko Mokowe ananipigia simu mimi.

Value nayo usiiache. Isipokuwepo hutumwa maandishi anayoyaona abiria, na siku utakapoyarekebisha kidogo tu, hifadhidata haitayatambua.

Halafu jua kwamba orodha haimfungi mtu. Anayejua kubonyeza F12, kitufe cha kufungua zana za kivinjari, hubadilisha value akatuma atakacho. Kwa hiyo kagua upande wa seva: in_array($kutoka, $vituo, true), yaani $kutoka iwe imo kwenye $vituo, orodha ya vituo unavyovihudumia, na ukatae kutoka na kwenda zikiwa kituo kimoja. Nauli itoe kwenye hifadhidata yako mwenyewe. Ukiiacha ije na fomu, atatokea mjanja avuke hadi Shela kwa shilingi moja.